Muulize Mkunga: Sindano ya saa 5 na nusu haikuja

Shikamoo mama mkunga,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini. Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu, ana miaka 22, ameolewa Sikonge huko kwenye tumbaku. Mimba ilikuwa ya kwanza. Kliniki alihudhuria mara 4. Kadi ninayo hapa mbele yangu na presha imeandikwa mara 2 tu, hizo nyingine pameachwa wazi. Mkojo hakupimwa hata mara moja, kila akienda anaambiwa vipimo vimeisha.

Mimba ilipofika mwezi wa 7 akaanza kuvimba. Kwanza miguu, halafu mikono na uso, mpaka pete ya ndoa ikabidi ikakatwe kwa fundi baiskeli. Mama mkwe wake akasema hiyo ni mimba ya dume, madume ndivyo yanavyovimbisha. Kikafuata kichwa. Shemeji alikuwa na kazi ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ndio walikuwa wanakausha, akawa anamnunulia vidonge vya maumivu dukani. Siku mdogo wangu aliponipigia akasema, "Dada, naona vimulimuli mchana," nikamwambia shemeji aache tumbaku iungue, amlete.

Tulifika hospitali (jina nalificha) Alhamisi saa 11 jioni. Nesi wa mapokezi akampima, 170/115, akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, akatuambia tukae kwenye benchi. Tulikaa masaa 2. Kufika wodini tukamkuta mkunga mmoja, Mungu ambariki, alipoiona tu ile kadi alishtuka. Akamwekea dripu, akamchoma sindano 2, tako hili na hili, akamwekea na mpira wa mkojo. Ilikuwa saa 1 na nusu usiku. Nakumbuka vizuri kwa sababu alitazama saa yake akaniambia, "Nyingine saa 5 na nusu." Akabadili nguo akaondoka, zamu yake ilikuwa imekwisha.

Saa 5 na nusu sindano haikuja. Nilikwenda mezani kwa manesi. Walikuwa wawili, wodi imejaa, kuna mama mwingine analia anasukuma. Mmoja akaniambia, "Tunajua kazi yetu, rudi kwa mgonjwa wako." Saa 6 nikaomba wampime presha, nikaambiwa mashine imeisha betri. Saa 8 na robo mdogo wangu alikaza macho upande mmoja, akauma ulimi, mwili ukaanza kurushwa. Hapo ndipo walipokuja wote mbio, na daktari, na kusema kweli walihangaika naye kama mtoto wao. Saa 10 alfajiri akafanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike, gramu 1,600.

Wakahamishiwa chumba cha kangaruu, kile ambacho mama anambeba mtoto njiti kifuani, wakakaa siku 11. Siku zote hizo sikuona mtu akimpima mama presha. Sasa yuko kwa mume wake, leo siku ya 4. Mama mkwe anasema amerogwa na jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba, anataka wampeleke kwa mganga. Pia anasema maziwa yameharibiwa na dawa za hospitali, mtoto apewe ya ng'ombe. Shemeji naye anataka kwenda mahakamani.

Naomba unisaidie. Ule ulikuwa uzembe au ni bahati mbaya? Tukilalamika, mdogo wangu hatateswa siku akirudi pale? Na sasa ndio ana kifafa, ataanguka tena? Jana kaniambia kichwa kinamgonga kila jioni, lakini nadhani ni usingizi, mtoto ananyonya usiku kucha.

Dada mkubwa, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wangu wajue kwamba barua hii haikusubiri siku ya safu. Ilinifikia asubuhi, nikaisoma mpaka sentensi ya mwisho, nikapiga simu hapohapo. Mama aliyepata kifafa cha mimba, yaani degedege la presha ya mimba, hajapimwa presha tangu atoke leba, anaumwa kichwa kila jioni, halafu tunasingizia usingizi! Zahanati ya kijijini kwao ilikuta 162/108. Wakapiga 115, gari likaja, akalazwa siku 2, na sasa anameza nifedipini, dawa ya kushusha presha. Leo naweza kuandika nimetulia.

Ile namba 115 iandikeni ukutani kwa mkaa. Ni ya m-mama, mfumo wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Simu ni bure na usafiri ni bure. Shemeji yako aliniambia hakuwa akijua kuwa inamhusu mama ambaye ameshajifungua. Inamhusu. Watu wengi wanadhani kondo likitoka na presha imetoka nayo. Ni kweli kwamba dawa hasa ya ugonjwa huu ni kuzaa, lakini mwili hauzimiki kama taa. Presha inaweza kupanda tena siku chache baada ya kujifungua, na degedege au kiharusi vinaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye. Ndiyo maana tunamhesabu mama kuwa kwenye hatari mpaka wiki 6 zipite.

Na hapo umenionyesha tundu ambalo hata sisi wa kazi hatulioni. Kwenye chumba cha kangaruu mgonjwa ni mtoto. Anapimwa uzito, anahesabiwa anavyonyonya, anaguswa miguu kama ina baridi. Mama yake amegeuka kuwa kitanda cha mtoto. Faili lake limefungwa wodi nyingine. Siku 11 analala ndani ya hospitali, hatua chache kutoka kwa mashine ya presha, na hakuna anayemhesabu kuwa ni mgonjwa.

Sasa nikujibu la uzembe. Nitakujibu kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 31, sitawatetea wenzangu wala sitawachoma.

Masaa 2 ya benchi hayana utetezi. Presha ya mjamzito ikifika 160 juu au 110 chini, ni dharura sawa na kutokwa damu, tofauti yake ni kwamba haionekani sakafuni. Mdogo wako alikuwa amevuka zote mbili, na anaona vimulimuli juu yake. Dawa ya kushusha presha, iwe hidralazini ya mshipa au nifedipini ya kumeza, inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Yule wa mapokezi alijua, ndiyo maana alichukua kalamu nyekundu. Akadhani wino mwekundu utatembea wenyewe mpaka wodini.

Zile sindano za matako na ile ya kwenye mshipa ni magnesiamu salfeti. Haishushi presha, kazi yake ni kuzuia degedege. Inauma kweli, na ile ya mshipani humfanya mama ajisikie kuungua ndani kwa ndani. Ya kwanza hutolewa nyingi kwa pamoja, gramu 4 mshipani na gramu 5 kila tako. Baada ya hapo ni gramu 5 kila baada ya saa 4, tako la kulia, tako la kushoto, mpaka zitimie saa 24 tangu kuzaa au tangu degedege la mwisho, lolote litakalochelewa. Yule mkunga alikuwa sahihi kabisa kukwambia saa 5 na nusu. Mdogo wako alianguka saa 8 na robo, sindano ikiwa imechelewa karibu saa 3.

Je, ingekuja kwa wakati asingeanguka? Hapo usiniapishe. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa dawa hii inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Maana yake wapo wanaochomwa vizuri na bado wanaanguka. Kwa hiyo ukienda hospitali usiseme "mlimwangusha." Sema "hamkumchoma sindano ya pili, na hamkumpima presha tangu saa 1 na nusu mpaka saa 8 na robo." La kwanza watalibishia mpaka kesho. La pili liko kwenye faili lao wenyewe, pale palipoachwa wazi.

Nikwambie pia kwa nini sindano ya pili hupotea, maana ya kwanza hupotea mara chache. Ya kwanza ina kelele: mgonjwa kaja na presha ya kutisha, kila mtu yupo macho. Ya pili inaangukia katikati ya zamu mbili, mgonjwa katulia, na kuna mama mwingine kichwa cha mtoto kinatoka. Ipo na sababu ambayo manesi hawasemi mbele za watu, nayo ni hofu. Magnesiamu ikizidi mwilini inalegeza misuli mpaka ile ya kupumua. Kabla ya kila sindano unatakiwa ugonge goti uone mguu unaruka, uhesabu pumzi dakika nzima ukitazama kifua zisipungue 16, na utazame mfuko wa mkojo kama umeingia angalau mililita 100 kwa zile saa 4. Pembeni iwepo kalsiamu glukoneti, ndiyo inayoipinga nguvu ya magnesiamu ikizidi. Muuguzi ambaye kalsiamu hana na muda wa kuhesabu pumzi hana, anajiambia, "Huyu ametulia, ngoja kwanza." Hiyo ngoja kwanza imeondoka na watu.

Nalijua kwa sababu na mimi niliwahi kuisahau. Ilikuwa zamu ya usiku, nilikuwa peke yangu, nikapokea mapacha, nilipokumbuka ilikuwa imepita saa 2. Mama yule hakuanguka, lakini nilitetemeka mpaka asubuhi. Tangu hapo nikawa nabandika kipande cha plasta kwenye chuma cha kitanda, nimeandika saa ya sindano inayofuata kwa tarakimu kubwa, ndugu wa mgonjwa aione, mfagizi aione, hata daktari aione. Wenzangu walinicheka kwamba kitanda changu kina bei kama nguo za mnadani. Wacha wacheke.

Ya upasuaji msilalamikie. Najua mama mkwe anasema walimtoa mtoto kabla hajaiva. Degedege likishatokea, mama akishatulizwa mtoto anatolewa, iwe ni wiki ya 33 au 28, kwa sababu kila saa anayobaki tumboni wote wawili wanaweza kwenda.

Sasa malalamiko. Mahakamani shemeji anaweza kwenda, sheria inamruhusu, lakini mkianzia huko faili litafungiwa kabatini na kila mtu atamtafuta wakili. Mimi ningeanza na karatasi. Keti uandike barua ya ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi, yaani daktari kiongozi wa hospitali, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Weka masaa kama ulivyoniandikia mimi: saa 11 jioni presha 170/115, saa 1 na nusu sindano, saa 5 na nusu nilikwenda mezani, saa 6 mashine haina betri, saa 8 na robo degedege. Mwandike na yule mkunga mzuri, wala usiogope kumsifu. Barua yenye sifa na lawama husomwa mpaka mwisho. Usiandike "uzembe," waache waliandike wenyewe. Kisha omba mambo yanayotekelezeka: kesi yake ijadiliwe kwenye kikao. Mama akifa kwa uzazi, hospitali zetu hukaa zikapitia kifo hicho hatua kwa hatua. Aliyeponea chupuchupu ndiye husahaulika, wakati yeye yupo hai na anaweza kueleza. Omba mashine ya akiba, au hata betri tu. Omba waliolazwa na watoto kangaruu wapimwe presha kila siku.

Peleka kwa mkono, mwende wawili, muombe wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kumshika pale, kazi yake ni pamoja na hiyo. Mkiona kuna mtu binafsi aliyefanya jambo la hatari kwa makusudi, lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Baraza la Madaktari kwa madaktari. Kwa niliyoyasoma, sioni mtu wa kupelekwa huko. Naona manesi wawili na wodi iliyojaa.

Kuhusu kuteswa akirudi pale, sitakwambia haitokei. Hutokea kwa anayegombana wodini saa 6 usiku, mara chache sana kwa aliyeleta barua yenye muhuri.

Hapana, mdogo wako hana kifafa. Jina hili la kifafa cha mimba limetuponza. Mtu akilisikia anadhani ni kile kifafa cha kuanguka kwenye moto, anaanza kufichwa, hapewi jiko wala kisima. Hili ni degedege linaloletwa na presha ya mimba, na kwa walio wengi huondoka na mimba hiyo. Kinachobaki ni tahadhari. Presha ipimwe zahanati kila siku kwa wiki hii, halafu kila wiki mpaka zitimie 6, na dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Baada ya hapo apimwe angalau mara moja kwa mwaka, maisha yake yote, maana waliopitia hali hii hupata presha ya kudumu, kiharusi na ugonjwa wa moyo zaidi ya wenzao.

Mtoto anyonye. Nifedipini haiharibu maziwa, na hata magnesiamu yenyewe iliisha mwilini siku nyingi. Mtoto wa gramu 1,600 akipewa maziwa ya ng'ombe, tutazungumza habari nyingine kabisa.

Mama mkwe msigombane naye. Niliongea naye kwenye simu. Ni mama mwenye hofu. Alipoteza dada yake kwa degedege la uzazi zamani, na wakati huo hakuna aliyemweleza chochote isipokuwa majirani. Nimempa kazi: yeye ndiye anakaa na kile kikadi cha presha, na yeye ndiye anampeleka mkwewe zahanati asubuhi. Akiona 160 juu au 110 chini, au mkwe akisema kichwa, macho, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hangoji kikao cha ukoo, anapiga 115. Juu ya yule jirani na mpaka wa shamba, nilimwambia hiyo kesi ni ya mwenyekiti wa kijiji. Alicheka kidogo.

Shemeji aliniuliza faragha lini wanaweza kupata mwingine. Miaka 2 ipite kwanza, ana kidonda cha upasuaji pia. Kwa sasa wachague kijiti au kitanzi, vile vidonge vyenye homoni 2 aviache mpaka presha itulie. Mimba nyingine ikiingia, kliniki kabla ya wiki 12, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Niliwahi kupata kifafa cha mimba." Atapewa aspirini ndogo, miligramu 75 kwa siku, na vidonge vya kalsiamu. Vinapunguza uwezekano wa kujirudia, havifuti. Asinunue aspirini dukani akajipimia. Na siku wakimwambia vipimo vya mkojo vimeisha, mwambie shemeji auze hata debe la mahindi wakapime kwingine.

Jioni ya leo nitumie ujumbe: presha ngapi, na mtoto amefika gramu ngapi.